Leseni, TIN, sevisi levi na nafuu kwa anayeanza biashara Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina steshenari, na kazi yangu kubwa siku hizi imekuwa kuwajazia watu maombi ya TIN (namba ya mlipakodi) na leseni. Wanakuja na makaratasi kwenye mfuko wa rambo, wengine wameshalipa fremu ya mwaka mzima, na maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa kwa mpangilio, ya mwanzo juu na yale magumu chini. Yanahusu Tanzania Bara, Zanzibar nimeigusa kwenye swali la 26.

## Mwanzo kabisa

1. Nianze na nini, jina la biashara, TIN, leseni au fremu?

Watu wengi wanaanza na fremu na hapo ndo wanapopotea. Fremu inameza hela, halafu ukienda TRA unakuta mkataba wako wenyewe una kodi mbili ndani yake ambazo mwenye nyumba hakukuambia (tazama swali la 11, tafadhali lisome kabla hujasaini chochote).

Mpangilio ninaowashauri watu ni huu: hakikisha una namba ya NIDA, kama unataka jina la biashara tofauti na lako mwenyewe lisajili BRELA, kubaliana na mwenye fremu kwa maandishi, chukua TIN, fanyiwa makadirio ya kodi TRA, pata cheti cha uthibitisho wa mlipakodi, ndipo uombe leseni. Leseni inakuja mwisho kwa sababu inataka vyote vilivyotangulia.

2. BRELA, TRA, halmashauri, si wote serikali hao hao? Kwanini nilipe kila mahali?

Ni serikali moja ila kila mmoja anadai kitu chake na kwa msingi wake, na ukishaelewa hili nusu ya hofu inaisha.

BRELA anahusika na jina na kampuni, yaani wewe ni nani kibiashara. TRA anadai kodi ya serikali kuu, na hapo kuna zinazotokana na mauzo au faida yako na kuna zile unazomkusanyia tu kutoka kwa watu wengine, kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na zuio (kodi inayokatwa kwenye malipo kabla mlipwaji hajayapata). Halmashauri anakupa ruhusa ya kufanya biashara kwenye eneo lake na anatoza ushuru wake. Kwahiyo kila ukiambiwa "lipa", uliza mambo mawili: wewe ni nani, na hii inahesabiwa kwenye nini, faida, mauzo, pango au ni ada tu ya kibali. Mtu anayejua hayo mawili habambikiwi kirahisi.

3. Lazima nisajili jina BRELA?

Kama unafanya biashara kwa majina yako kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, si lazima. Ukitaka kujiita "Nuru Mapambo" au chochote kingine, lazima. Usajili unafanyika kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni, gharama yake ni ndogo, lakini kuna ada ya kila mwaka ya kulitunza jina na hiyo ndo watu wanaisahau miaka mitano mpaka benki iwaulize.

Usichanganye cheti cha jina na leseni. Kuna dada mmoja aliweka cheti cha BRELA kwenye fremu nzuri ya kioo ukutani akiamini ndo leseni, afisa biashara alipopita akamfungia duka. Cheti kinasema jina ni lako, hakisemi umeruhusiwa kuuza.

4. TIN inalipiwa shilingi ngapi?

Hailipiwi. TIN ni bure. Unaomba kwenye mfumo wa TRA kwa namba ya NIDA, ukishindwa nenda ofisi zao wanakusaidia. Mimi nikikujazia unanilipa muda na bando langu, simlipii mtu TIN, na mwenzangu yeyote anayekuambia "TIN elfu hamsini" huyo ni kishoka.

Sheria inakutaka ujisajili ndani ya siku 15 tangu uanze biashara. Na TIN ni moja kwa maisha yako yote, kama ulishachukua ya leseni ya udereva usiombe nyingine, unaenda kuiongezea biashara.

5. Mimi nauza genge tu, mtaji laki moja. Haya yote yananihusu?

Kama mauzo yako hayafiki milioni 4 kwa mwaka, kodi ya mapato yako ni sifuri. Milioni 4 kwa mwaka ni kama elfu 11 kwa siku ukiuza kila siku. Kwa kundi hilo kuna utaratibu wa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, ulioanza Desemba 2018 kwa vile vya elfu 20, na maombi yanapitia kwa mtendaji wako na halmashauri. Nenda kwa mtendaji kabla mgambo hajakufikia wewe.

Ila angalia: ni mauzo, sio faida. Mama anayeuza chipsi za elfu 40 kwa siku anajiona mdogo kwa sababu jioni anabaki na elfu 8, lakini kwa hesabu ya TRA amevuka milioni 14.

## Leseni yenyewe

6. Kundi A na kundi B ndo nini?

Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 inagawa leseni makundi mawili. Kundi A ni biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, mfano uagizaji na usafirishaji wa bidhaa nje, uwakala wa forodha, utalii, na leseni zake zinatolewa na BRELA. Kundi B ni zetu hizi za mtaani, duka la rejareja, saluni, mgahawa, hadiwea, steshenari, na unaomba halmashauri kupitia mfumo wao wa mtandaoni, TAUSI.

Ukiomba kundi B kumbe biashara yako ni A, hela uliyolipa haihamishwi. Muulize afisa biashara kwanza, kwenda kumuuliza ni bure.

7. Kwenye TAUSI wanataka vitu gani? Ombi langu limerudishwa mara mbili.

TIN, NIDA, cheti cha uthibitisho wa mlipakodi, mkataba wa pango au ushahidi kuwa eneo ni lako, na kama unatumia jina la BRELA basi na cheti chake. Ukishaomba, ombi linapitiwa na maafisa, likikubaliwa unapata kontrol namba, unalipa, leseni unaichapisha mwenyewe. Ada inategemea aina ya biashara na mahali ulipo, jijini si sawa na kijijini, kwahiyo usishangae ndugu yako wa kijijini akilipa kidogo kwa duka kama lako.

Maombi mengi ninayoona yamerudishwa yana kosa moja kati ya matatu. La kwanza, eneo lililoandikwa kwenye TIN si lile lililo kwenye mkataba, mtu amehama mtaa hakubadilisha TRA. La pili, cheti cha mlipakodi kimetolewa kwa biashara nyingine, TIN inasema "duka la nguo" wewe unaomba leseni ya mgahawa. La tatu, picha ya mkataba imepigwa gizani haisomeki. Hili la tatu linakera maana linachelewesha mtu wiki nzima kwa kitu cha dakika moja: toa karatasi nje kwenye mwanga, ilaze chini, piga.

8. Leseni inaisha lini? Desemba?

Hapana. Inadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Ukiipata tarehe 9 Mei, mwaka ujao tarehe hiyo imeisha, na ukichelewa kuhuisha faini inaanza kuhesabiwa. Weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla, kwa sababu kuhuisha nako kunataka cheti cha mlipakodi na kama una deni TRA utakwama hapo.

9. Nina duka na pembeni nimeweka uwakala wa pesa, na kaka yangu ana tawi mtaa wa pili. Leseni moja inatosha?

Haitoshi. Leseni inafungwa na aina ya biashara na mahali. Tawi lina leseni yake, na biashara mbili za aina tofauti ndani ya chumba kimoja ni leseni mbili. Kwa wakala wa pesa, kumbuka mauzo yako ni kamisheni, sio zile milioni zinazopita kwenye floti, na kwenye kamisheni hiyo kuna zuio la asilimia 10 linalokatwa kabla hujaipata. Siku ya makadirio nenda na taarifa ya kamisheni ya miezi yote, usimwache afisa akadirie kwa kuangalia foleni ya wateja.

10. Nauza mtandaoni tu, stoo ni chumbani kwangu. Nahitaji leseni? Na wanaouza chakula, dawa na pombe?

Biashara ni biashara, haijalishi mteja amekuona dirishani au kwenye simu. TIN unahitaji, leseni pia. Eneo ni hapohapo nyumbani, unapata barua ya utambulisho serikali ya mtaa, na kama umepanga ongea na mwenye nyumba kwanza.

Chakula kina masharti yake juu ya leseni: wahudumu wapimwe afya, afisa afya akague eneo, na ukisindika na kufungasha unaingia TBS (shirika la viwango), ambao tangu 2019 ndo wamechukua mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya zamani). Dawa zina mamlaka zake na mtaalamu wake, usifungue kwanza halafu uulize. Pombe ina leseni ya peke yake ya vileo, ile ya mgahawa haiibebi.

## Fremu na mwenye nyumba

11. Nimeambiwa nilipe kodi ya zuio na ushuru wa stempu kwenye pango. Si kodi ya mwenye nyumba hiyo?

Hili swali ninalijibu kwa uchungu maana liliniuma mimi mwenyewe. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya mwaka, nikamhesabia 1,800,000 mkononi, tukasaini karatasi mbili mbele ya mjumbe. Wiki iliyofuata nikaenda TRA na mkataba wangu, nikaambiwa nina zuio la 180,000 na stempu 18,000. Nikamrudia mwenye nyumba, akasema "mimi nilitaja bei yangu, hayo ya serikali hayanihusu", akafunga geti. Nikalipa yote mimi, hela niliyokuwa nimeiweka kununulia mashine ya kutolea kopi.

Sasa elewa inavyofanya kazi. Zuio la asilimia 10 ni kodi ya mwenye nyumba, kweli, ni sehemu ya kodi yake ya mapato. Ila sheria inamtaka mpangaji anayefanya biashara aikate kabla ya kumlipa na aipeleke TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Yaani kwenye 1,800,000 ile nilitakiwa kumpa 1,620,000 na kupeleka 180,000 TRA kwa jina lake, na cheti chake nimpe yeye akitumie kwenye hesabu zake. Usipokata, deni linabaki kwako, TRA hawataki kusikia kwamba ulimpa yote.

Stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka na inatozwa kwenye mkataba.

Kwahiyo kabla ya kusaini, mwambie wazi: "Mzee, hii elfu 150 ni pamoja na zuio au bila?" Na iandikwe kwenye mkataba nani anabeba. Wenye nyumba wengi watapandisha bei ili wapate ileile mkononi, sawa, angalau utajua gharama halisi ya fremu kabla hujahama na makabati yako. Kuandika pango dogo kwenye mkataba kuliko mnalolipana naona watu wanafanya sana, na siwashauri, kwa sababu siku mkigombana na mwenye nyumba ile karatasi ya uongo ndo itakayosomwa.

12. Kwanini LUKU ya fremu yangu inakatwa kodi ya jengo?

Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kwenye umeme, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nayo ni ya mwenye jengo. Kama mita ni yako peke yako na wewe ndo unanunua umeme, una haki ya kumkata kwenye pango, elfu 18 kwa mwaka. Tunza zile meseji za tokeni, zinaonyesha makato.

## Kodi za TRA kwa mdogo na wa kati

13. Makadirio yanapigwaje? Afisa anatoa wapi ile namba?

Kwa mtu binafsi (sio kampuni) ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi inapigwa kwenye mauzo kwa jedwali. Chini ya milioni 4 ni sifuri. Kati ya 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya 7 na 11, asiye na kumbukumbu ni 250,000, mwenye kumbukumbu ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukivuka 11 mpaka 100 kuna asilimia ya mauzo yote, na hiyo isome kwenye jedwali la mwaka husika la TRA kwa sababu Sheria ya Fedha inapita kila Juni na inaweza kuigusa.

Usipokuwa na daftari, afisa anakuuliza: fremu unalipa bei gani, una mfanyakazi, umeme wa mwezi kiasi gani, stoki ya shilingi ngapi. Kutoka hapo anakisia mauzo yako. Sio kwamba anakuchukia, hana kingine cha kushika.

Wanaotoa huduma za kitaalamu, ushauri, ujenzi na mafunzo hawamo kwenye jedwali hili, wao wanaandaa hesabu kamili.

14. Daftari tu linaweza kunipunguzia kodi kweli?

Fanya hesabu mwenyewe. Mauzo milioni 5: bila kumbukumbu 100,000, na kumbukumbu ni asilimia 3 ya milioni 1, yaani 30,000. Mauzo milioni 10: bila 250,000, na kumbukumbu 90,000 jumlisha 90,000, jumla 180,000. Counter book ya elfu tatu imekuokolea elfu 70.

Daftari langu lina mistari ya kawaida kabisa: tarehe, kilichouzwa, kiasi, na upande wa pili manunuzi na risiti zimebanwa na pini kwa mwezi. Nikifunga duka jioni naandika kabla sijahesabu za kwenda nazo nyumbani, kwa sababu ukishachukua za mboga kwenye droo mauzo ya siku hiyo yameshapotea. Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka 5, kwahiyo usifungie vitumbua lile la mwaka juzi.

15. Kodi nalipa mara moja au kwa awamu?

Awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Lipa kabla ya tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, riba inaanza siku ya pili yake. Mimi naweka elfu mbili kila siku kwenye laini ya pembeni ambayo haina kazi nyingine.

16. Mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) ni kwa kila mtu?

Ni kwa waliofika kiwango cha mauzo, milioni 11 kwa mwaka, kama elfu 30 kwa siku. Kuna mashine na kuna mfumo wa kwenye simu au kompyuta, ulizia wote kabla hujanunua. Ukishakuwa nayo kila mauzo yana risiti, hata ya daftari la mia tano. Ikiharibika toa taarifa siku hiyohiyo na uandike risiti za mkono huku ukisubiri fundi, kukaa kimya ndo kosa.

17. VAT inaniingia lini?

Mauzo yakifika milioni 200 kwa miezi 12, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023. Wataalamu kama mawakili na wahasibu wanasajiliwa hata chini ya hapo. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18 na ritani (taarifa ya kodi unayopeleka TRA) ni kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama hujasajiliwa usimtoze mteja VAT, hata kama anaomba risiti yenye VAT.

18. Nimeajiri wawili. Nini kinaongezeka?

Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hauna PAYE (kodi ya mshahara), ukizidi unakata na kupeleka kabla ya tarehe 7. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, nusu wewe nusu mfanyakazi, na mfuko wa fidia WCF ni asilimia 0.5 unayobeba wewe peke yako. Ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi inaanza ukifikisha wafanyakazi 10, chini ya hapo haikugusi. Watu wanaruka NSSF kwa kuwa "ni vijana wawili tu", halafu kijana anaondoka kwa ugomvi, anaenda kulalamika, unalipa miezi yote na adhabu juu.

## Ushuru wa halmashauri

19. Sevisi levi ni nini na kwanini nilipe wakati nimepata hasara?

Ushuru wa huduma uko kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, ni kiwango kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo ukiondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Unahesabiwa kwenye mauzo, kwahiyo hasara haiufuti. Mauzo ya milioni 20 kwa robo mwaka, ukipigiwa kwa 0.3 kamili, ni 60,000.

Halmashauri wana njia ya kujua mauzo yako: wanaangalia ritani na EFD. Ukimwambia TRA milioni 60 na halmashauri milioni 15, kuna siku karatasi hizo mbili zitawekwa meza moja. Nadhani ni ushuru unaowaumiza wenye faida nyembamba kuliko wote, muuza sukari kwa jumla anaweza kuuza milioni 100 akabaki na milioni 2, na bado mpaka 300,000 ni ya halmashauri. Ukiwa kwenye biashara ya hivyo uingize kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Ukiwa na matawi halmashauri mbili, kila moja unailipa kwa mauzo ya tawi lililoko kwake. Tenganisha hesabu, la sivyo kila mmoja atadai yote.

20. Nanunua mahindi kijijini napeleka mjini, getini nadaiwa ushuru.

Ni ushuru wa mazao, na tangu 2017 mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Gunia nane za kilo 100 ni chini ya tani. Ukiwa na zaidi unalipa mara moja kule ulikonunua, unapewa stakabadhi, na geti la mbele unaonyesha hiyo. Usiikunje mfukoni na jasho, itie kwenye plastiki.

21. Amekuja mtu na kitambulisho anadai ada, nimlipe?

Usimpe hela mkononi. Malipo yote ya serikali yanapita kwenye kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Anayewakusanyia kwa mashine ya POS lazima akupe risiti iliyotoka kwenye mashine, yenye jina la halmashauri. Mwambie kwa heshima: "Afande, naomba kontrol namba nilipe sasa hivi." Wa kweli anakupa.

## Nafuu kwa anayeanza

22. Ni kweli mwenye TIN mpya halipi kodi miezi ya mwanzo?

Ndiyo, Sheria ya Fedha ya 2019 ilileta ahueni ya miezi sita tangu upate TIN ya biashara, ili usianze kulipa kabla hujauza. Ni ahueni ya kodi ya mapato. Leseni, zuio la pango, stempu vipo palepale. Siku unachukua TIN mwambie afisa wa TRA kwamba biashara yako ni mpya na akuandikie awamu ya kwanza inaanza lini, usiondoke na neno la mdomo.

23. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri tunaipataje?

Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi kiwe kimesajiliwa, kina akaunti na kina kazi inayoonekana.

Vikundi vinavyokosa mara nyingi vilikutana kwa ajili ya mkopo tu. Wakaguzi wanakuja wanauliza mmoja mmoja "kikao cha mwisho kilikuwa lini", kila mtu anataja siku yake. Kuweni na daftari la mahudhurio na akiba ndogo kabla.

24. Na zile za wawekezaji, misamaha ya miaka kumi, kampuni yangu ndogo inaingia?

Zinasimamiwa sasa na TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, iliyoundwa 2025 kwa kuunganisha TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje). Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha mtaji kwa Mtanzania kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000, kwahiyo wenye viwanda vidogo wanaofikiria mashine kubwa waulize kabla hawajaagiza, kwa sababu nafuu nyingi ni za kwenye kuingiza mitambo na haziwezi kurudi nyuma kontena likishatoka bandarini. Ile likizo ya kodi ya miaka 10 ni kwa walio kwenye maeneo maalumu ya mauzo ya nje. Kwa duka au saluni, nafuu yako iko swali la 14 na la 22.

## Yanayotatiza

25. Sikubaliani na makadirio. Kampuni yangu pia imepata hasara, nifanyeje?

Una siku 30 tangu upewe makadirio kuweka pingamizi kwa maandishi, na unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kile usichobishia, chochote kilicho kikubwa, la sivyo pingamizi halipokelewi. Nenda na daftari, bila daftari pingamizi ni maneno.

Kampuni ni tofauti na mtu binafsi: inalipa asilimia 30 ya faida, haiingii kwenye jedwali la swali la 13 hata ikiuza milioni 3, na inataka hesabu na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Ikileta hasara miaka mitatu mfululizo, inatozwa kwa asilimia ya mauzo kwenye mwaka wa tatu, isipokuwa kilimo, afya na elimu. Ndo maana ninawaambia vijana wasikimbilie "Limited" kwa sababu ya ukubwa wa jina.

26. Mshirika wangu ni mgeni. Na Zanzibar ni hivihivi?

Amri iliyotoka Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa pesa, ufundi simu, saluni na maduka ya rejareja na jumla, ukiacha supamaketi na vituo maalumu. Raia anayemsaidia mgeni kuifanya naye ana kosa, faini milioni 5 au miezi mitatu jela. Usimkopeshe mtu jina lako.

Zanzibar wana mamlaka zao, ZRA kwa kodi, BPRA kwa usajili, ZIPA kwa uwekezaji, na VAT yao ni asilimia 15. Leseni ya Bara haivuki maji.

27. Biashara imekufa, fremu nimerudisha. Si basi?

Kwako imekufa, kwenye mfumo iko hai, na makadirio ya mwaka ujao yanajizalisha. Andika barua TRA kuwa umefunga, taja tarehe, ambatisha ushahidi wa kurudisha fremu, lipa kilichobaki hadi siku hiyo, kama una EFD irudishe kwa utaratibu wao. Halmashauri nako toa taarifa, na BRELA kama jina hulitaki tena. Hakikisha nakala yako ya kila barua imegongwa muhuri wa kupokelewa na uitunze, maana wengi nimewaona wakirudi baada ya miaka mitatu wanataka kuanza upya kwa TIN ileile, na mhuri huo ndo kitu pekee kilichowatoa.